Croick: Parokia, Bonde na Maandishi Kwenye Kioo

Ukiuliza Croick iko wapi, jibu litategemea unauliza habari za mwaka gani na za jambo gani. Ramani za leo zinaiweka Sutherland, kaskazini mwa Uskoti. Kabla ya 1975 ilihesabiwa upande wa Ross, jimbo la jirani. Kwa ibada ilikuwa parokia, yenye kanisa lake na mchungaji wake. Kwa ardhi, kodi na matunzo ya maskini haikuwa parokia, bali pembe ya mbali ya parokia kubwa iitwayo Kincardine. Na tangu 1843 watu wake wengi hawakusali tena ndani ya kanisa lenye jina la mahali pao.

Penyewe ni padogo mno. Ukitoka kijiji cha Ardgay, penye stesheni ya reli, unafuata mto Carron kuelekea magharibi kwa kilomita 16 hivi. Bonde linazidi kuwa jembamba na nyumba zinazidi kuadimika, hadi unakuta kanisa dogo la mawe, ukuta, miti na makaburi. Karibu yake kuna kifusi cha ngome ya duara ya mawe yaliyopangwa bila chokaa, iliyojengwa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Basi, Croick ndiyo hiyo.

Waliowahi kulisikia jina hili wamelisikia kwa kisa kimoja: mwaka 1845 wakulima wa bonde la jirani, Glencalvie, walifukuzwa kwenye ardhi yao, wakapiga kambi kwenye makaburi ya kanisa la Croick, na baadhi yao wakaandika maneno kwenye vioo vya dirisha. Kisa ni cha kweli na kinaumiza. Lakini mara nyingi husimuliwa kwa machozi tu, na maswali mawili huachwa hewani. Kwa nini walikimbilia kanisani? Na wakiwa wamefika, kwa nini walilala nje? Kuyajibu hayo ni lazima kwanza tujue parokia ya Uskoti ilikuwa mnyama gani.

Kanisa, kata na ustawi wa jamii chini ya paa moja

Neno "parokia" tunalo, na Walutheri wa Tanzania wana "usharika" wao. Lakini kwetu parokia ni ya kanisa. Haiweki shule kwa amri ya sheria, wala si yenyewe inayoamua ni maskini gani apate posho ya umma. Katika Uskoti ya zamani parokia ilifanya yote hayo, na zaidi.

Mipaka ilianza kuchorwa karne ya 12, zama za mfalme David I, ili ijulikane shamba lipi linalipa zaka kwa kanisa lipi. Mageuzi ya 1560 yaliiondoa mamlaka ya Papa, lakini mipaka ikabaki palepale. Juu ya mipaka hiyo likakaa baraza la mchungaji na wazee wa kanisa. Wazee hao walisikiliza kesi za uzinzi, ulevi na kuvunja Sabato, na walewale ndio waliogawa sadaka ya Jumapili kwa wajane, yatima na vilema. Msomaji wa Kenya aliyelelewa katika PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, atautambua utaratibu huu mara moja, na si kwa bahati. Waliouleta ni wamisionari wa Kiskoti walioanzia Kibwezi mwaka 1891 wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na jina la Thogoto, mahali pa kituo chao huko Kikuyu, lenyewe ni matamshi ya Kikikuyu ya neno la Kiingereza la Mskoti.

Upande wa pili wa parokia walikaa wenye ardhi. Kwa sheria, makabaila waliomiliki mashamba ndani ya parokia ndio waliowajibika kujenga kanisa, kumlipa mchungaji na kumpa nyumba, na sheria ya 1696 iliwatwika pia shule na mshahara wa mwalimu. Kisha sheria ya 1712 ikarudisha haki ya kabaila kumteua mchungaji wa parokia, waumini wapende wasipende.

Hapo ndipo fundo lilipo. Mkulima wa kawaida alikuwa mpangaji. Alibatizwa na parokia, akafungishwa ndoa na parokia, akaonywa na parokia alipokosea, na jina lake likaingizwa kwenye vitabu vya parokia. Lakini mwenye kauli juu ya fedha, shule, na mara nyingi hata mimbari, alikuwa mtu yuleyule aliyekuwa akimdai kodi ya shamba.

Kanisa la serikali bondeni

Kincardine ilikuwa parokia ya kutisha kwa ukubwa. Ilianzia kwenye maji ya Kyle of Sutherland ikapanda mbali milimani. Ndani ya mipaka yake ndipo jeshi la Montrose, aliyempigania mfalme, liliposambaratishwa Carbisdale tarehe 27 Aprili 1650. Kanisa la parokia lilikuwa chini, upande wa mashariki. Aliyeishi mabonde ya juu angetaka ubatizo au neno la Mungu wakati wa theluji, alikuwa na safari ya siku nzima.

Nyanda za Juu zote za Uskoti zilikuwa na shida hiyo, na mwaka 1823 Bunge la London lilipitisha sheria ya kujenga makanisa ya ziada huko, likatenga pauni 50,000. Kazi ikasimamiwa na Thomas Telford, mhandisi ambaye barabara na madaraja yake tayari yalikuwa yameifungua kaskazini. Kila kanisa pamoja na nyumba ya mchungaji havikutakiwa kuzidi pauni 1,500, kwa hiyo ramani ilikuwa karibu ileile kila mahali: kuta nene, mnara mdogo wa kengele, madirisha ya vioo vidogo vya umbo la almasi. Yalijengwa makanisa 32. Moja likawa la Croick, lililokamilika 1827.

Wanasheria walikuwa na jina la Kilatini kwa parokia za namna hii: quoad sacra, yaani "kwa mambo matakatifu". Maana yake ni kwamba ilikuwa parokia unapoomba na unapoimba zaburi tu. Ukifilisika au ukikosa chakula, ulirudi kuwa mtu wa Kincardine. Ndiyo sababu watu wa Canada, Australia na New Zealand wanaotafuta majina ya mababu zao waliotoka bonde hili hukwama. Wanatafuta Croick kwenye orodha ambamo wangepaswa kutafuta Kincardine. Tena Uskoti ina Kincardine kadhaa, na ile maarufu zaidi iko mbali kabisa, kando ya mto Forth.

Kondoo wanapanda

Watu wa mabonde haya walizungumza Kigaeli. Wengi waliitwa Ross, kiasi kwamba jina la ukoo halikusaidia kumtofautisha mtu na jirani yake. Walilima shayiri na viazi kwenye vipande vya ardhi karibu na mto, wakapeleka ng'ombe wadogo weusi malishoni juu mlimani kiangazi, wakapasha moto nyumba kwa udongo wa mimea iliyooza (peat) uliokatwa na kukaushwa. Kodi ililipwa kwa kabaila. Mikataba ya muda mrefu ilikuwa nadra, na walichokitegemea ni imani ya kale kwamba aliyekaa mahali, na baba yake akakaa, ana haki fulani hapo. Mahakama haikuitambua imani hiyo.

Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 wafugaji kutoka kusini walianza kuleta kondoo wakubwa, na baadaye hasa wa aina ya Cheviot. Bei ya sufu na nyama ilikuwa juu. Mfugaji mmoja mwenye kondoo maelfu na wachunga kondoo wachache aliweza kulipa kodi kubwa kuliko vijiji vizima vya wakulima. Kondoo hao walihitaji nyasi za chini kandokando ya mito ili wavuke baridi, na chini ndipo watu walipokaa. Hesabu hiyo, iliyofanywa shamba baada ya shamba kwa karibu miaka mia, ndiyo iliyoyamwaga mabonde ya kaskazini.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1792 wakulima wa Ross walikusanyika kutoka parokia hadi parokia, wakawaswaga maelfu ya kondoo kuwatoa nje ya nchi yao, hadi wanajeshi wakaitwa kutoka Fort George. Kwa Kigaeli mwaka ule unaitwa Bliadhna nan Caorach, Mwaka wa Kondoo.

Glencalvie ilisalia. Ilikuwa mali ya familia ya Robertson wa Kindeace, na aliyeendesha shughuli zao alikuwa msimamizi James Gillanders. Mwaka 1842 alijaribu kuwatoa. Maofisa walipofika na hati za kuhama, wanawake waliwaendea mpakani wakaziteketeza hati hizo kwa makaa ya moto. Waliokuja baadaye walirudishwa vilevile. Kabaila aliyerithi, Charles Robertson, alikuwa Australia na kikosi chake cha jeshi wakati bonde lake likiondolewa watu. Miaka 3 baadaye hati zilifika mikononi mwa waliotajwa, na sheria ikachukua mkondo wake.

Mgawanyiko wa 1843

Katikati ya matukio hayo mawili kanisa lenyewe lilipasuka. Tarehe 18 Mei 1843, mjini Edinburgh, wachungaji walitoka kwenye mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti wakaenda kuunda Kanisa Huru. Mwishowe walifikia 474, zaidi ya theluthi moja ya wote. Kisa kikuu kilikuwa ile haki ya kabaila kuwateulia waumini mchungaji. Walioondoka waliacha mshahara, nyumba na majengo.

Kwenye Nyanda za Juu karibu watu wote wa kawaida waliwafuata. Mchungaji wa Croick, Gustavus Aird, naye alitoka, na waumini wake wakatoka pamoja naye. Jengo la Telford likabaki na watu wachache, na umati ukasali nje mlimani.

Tukio hili liliharibu jambo jingine ambalo wasimuliaji husahau. Msaada wa maskini ulitegemea sehemu kubwa sadaka ya Jumapili katika kanisa la parokia. Watoaji wa sadaka walipohama, kapu lilibaki tupu. Hata lilipokuwa limejaa, mtu mwenye nguvu za kufanya kazi hakuwa na haki ya kusaidiwa: msaada ulikuwa wa wazee, wagonjwa na yatima. Mkulima mzima wa afya aliyenyang'anywa shamba hakuwa na pa kugonga hodi katika parokia yake mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 24 Mei 1845

Waliotolewa walikuwa familia 18, watu 80 na ushee. Gazeti la The Times la London lilikuwa limemtuma mwandishi kaskazini kufuatilia hali ya watu hao, na kwa sababu yake tunajua walivyoishi pale makaburini. Aliripoti kuwa hawakuwa na deni la kodi, wala hakuna aliyekuwa na shitaka la jinai.

Walijenga kibanda kirefu. Paa lilikuwa turubai lililotandazwa juu ya miti, na kuta zilikuwa blanketi, mazulia, matandiko ya farasi na zile shuka zao za sufu za mirabamiraba. Ndani kulikuwa na watoto wadogo zaidi ya 20, na wagonjwa. Moto uliwashwa katikati ya makaburi, watoto wakauzunguka. Vitanda viwili vya watoto wachanga viliwekwa karibu na moto huo, na mama zao wakakaa kuwakinga na upepo.

Nimezisoma habari za mwezi ule mara nyingi na kila mara vitanda hivyo viwili ndivyo vinavyonisimamisha. Mwisho wa Mei huko usiku ni mfupi lakini si wa joto.

Sasa turudi kwenye maswali. Kwa nini makaburini? Kwa maoni yangu, kwa sababu bondeni kote kila kipande kingine kilikuwa cha kabaila au cha mpangaji wake. Ua wa kanisa ndio ulikuwa ardhi ambayo Gillanders hakuwa na hati ya kumtolea mtu, na ndani yake walilala ndugu zao. Kwa nini nje? Mapokeo yanasema waliona si heshima kulala na kupika ndani ya nyumba ya Mungu, na kwa jinsi watu hao walivyokuwa wacha Mungu hilo linaaminika. Lakini mwenye kulisimulia hivyo tu amesahau 1843. Kanisa lile lilikuwa la upande ambao walikuwa wameuacha miaka miwili nyuma kwa dhamira yao, na kwao kuingia na kulala humo kungekuwa pia kurudi chini ya paa walilolikataa. Heshima na mgawanyiko vilisimama mlango mmoja.

Dirisha la mashariki

Maandishi yako kwenye dirisha la upande wa mashariki, yamekwaruzwa kwenye vile vioo vya umbo la almasi. Herufi ni ndogo na nyembamba, mistari imefuata ukingo wa kioo, na mkono si mmoja. Mstari mmoja unasema watu wa Glencalvie walikuwa hapa makaburini, Mei 24, 1845. Mwingine unataja akina Ross wa Glencalvie. Upo unaosema Glencalvie imekuwa nyika. Na upo huu ambao umenukuliwa kuliko yote: watu wa Glencalvie, kizazi kibaya.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anajua maneno hayo yanatoka wapi. Ni kizazi kibaya cha Mathayo 12, kile kilichotafuta ishara. Wachungaji wengi wa wakati ule, hasa waliokaa upande wa makabaila, walihubiri kwamba kufukuzwa ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu. Je, aliyeandika alikubali kwamba yeye na nyumba yake wameadhibiwa, au alirudia maneno ya wengine kwa uchungu? Watu wamegawanyika. Mimi nadhani aliamini. Ukimwondolea mtu ardhi kisha ukamwambia Mungu ndiye aliyeiondoa, umemnyang'anya hata mahali pa kupeleka malalamiko.

Jambo jingine huwashangaza wageni: maandishi ni ya Kiingereza, wakati usiku ule kando ya moto walikuwa wakizungumza Kigaeli. Jibu liko tena kwenye parokia na shule zake. Chama kilichoanzishwa 1709 kueneza elimu ya Kikristo Nyanda za Juu kilianza kwa kufundisha Kiingereza peke yake, na Biblia kamili ya Kigaeli haikupatikana hadi 1801. Kuandika, kwa wengi, kulikuwa kuandika Kiingereza. Sisi tuliofundishwa kuandika kwa lugha moja na kulia kwa nyingine hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Fikiria pia ni karatasi zipi zinazosimulia habari za Glencalvie. Rejesta ya ubatizo iliandikwa na karani wa parokia, daftari la kodi na msimamizi, hati ya kuhama na mwanasheria, na habari ya gazeti na mgeni kutoka London. Vile vioo ndivyo walivyoandika wenyewe.

Yaliyofuata

Familia chache zilipata vipande vya ardhi mbovu kwingine, wengine walitawanyika. Tarehe 4 Agosti mwaka uleule, wiki 10 baada ya maandishi yale, sheria mpya ya maskini ya Uskoti iliidhinishwa. Iliondoa kazi hiyo mikononi mwa wazee wa kanisa ikaikabidhi bodi ya kila parokia, lakini mtu mwenye nguvu bado hakupewa haki ya msaada.

Mwezi Machi 1854, katika bonde lilelile la Carron, zamu ikawa ya Greenyards. Safari hii polisi walikuja na marungu. Wanawake waliojitokeza mbele, kama walivyofanya mama zao wa Glencalvie, walipigwa vichwani na mabegani hadi wengine wakaachwa wamezimia kando ya barabara. Gillanders alikuwa bado msimamizi. Mahakamani walioshitakiwa walikuwa wanakijiji.

Kwingineko parokia iliendelea kumenyeka ganda baada ya ganda. Usajili wa vizazi na vifo ukawa wa serikali kuanzia 1 Januari 1855, kwa hiyo anayetafuta ukoo hutumia vitabu vya kanisa kabla ya siku hiyo na rejesta za serikali baada yake. Shule zilihamishiwa bodi za elimu mwaka 1872. Mabaraza ya parokia yaliyoanza 1895 yalifutwa 1930. Mwaka 1929 Kanisa la Uskoti lilikuwa limeungana tena na sehemu kubwa ya waliotoka 1843. Na mwaka 1975, Kincardine nzima ikahamishwa kutoka Ross kwenda wilaya ya Sutherland.

Kondoo nao hawakudumu. Sehemu kubwa ya milima ile iligeuzwa kuwa mapori ya kuwinda kulungu, na Alladale, bonde la jirani, leo ni hifadhi binafsi ambamo miti ya asili inapandwa upya. Wageni wanaokwenda huko husifia ukimya wake na nyika yake. Ukipita ukiwa na macho ya kutazama, utaona kwenye majani kingo za matuta ya zamani na misingi ya nyumba.

Kanisa la Croick lingali limesimama, na wanaofika huingia moja kwa moja ndani kutafuta maandishi. Waandishi walikuwa nje, na upande wa nje ndio walioukwaruza. Kwa hiyo anayetaka kuyasoma vizuri hutoka tena, anazunguka ukuta wa mashariki, anasimama kwenye nyasi kati ya makaburi na kuinama karibu na kioo.